Kilima Kisichokuwapo Nyuma ya Eburru

Nilisoma hivyo. Kwa miaka thelathini na kitu nimesema sikusoma hivyo. Nimelisema mbele ya mkubwa wangu wa kazi, mbele ya mume wangu wakati tulipokuwa bado tunaambiana mambo, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa wanafunzi wa chuo kikuu, nikilitumia kama kisa cha kuchekesha kuhusu makosa ya makarani. Katika kisa hicho karani aliyekosea alikuwa mtu mwingine. Wanafunzi walicheka mahali pale pale nilipotaka wacheke. Mimi ni mtu anayeishi kwa kuandika makala za kuwaambia wengine waseme ukweli, na niliwahi kupewa ngao ya mbao kwa ajili hiyo. Iko juu ya friji, nyuma ya kopo la unga.

Ningeendelea kunyamaza kama Bwana Muchiri asingekufa. Alizikwa kwenye shamba lake dogo upande wa Lanet, asubuhi ya jua kali, na sisi tuliofanya kazi chini yake tukapewa viti vya plastiki pamoja, kama darasa la zamani. Tulikuwa wachache. Wanyama, aliyekuwa dereva wetu, alikuwa amenenepa na kupata fimbo, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya kushinda injini ya Land Rover. Wali ulipokwisha kuliwa akasema, "Mnakumbuka yule msichana wetu wa Kihindi? Yule aliyegeuza shimo likawa kilima?" Watu wakacheka, jinsi watu wanavyocheka matangani wakipata sababu. Nami nikacheka. Nilijisikia nikicheka, kicheko kizuri kabisa, cha mtu mwenye meno yake yote, na hapo ndipo nilipoweka sahani chini.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nangoja chuo, na katika kungoja huko nikapata kazi ambayo hadi leo sijaweza kumweleza mtu kwa sentensi moja. Ofisi ilikuwa chumba kirefu juu ya duka la mbao mjini Nakuru. Sakafu yake ilikuwa na nyufa, na harufu ya mbao mbichi ilipanda nazo pamoja na unga wa msumeno, hata chai yetu ilikuwa na ladha ya mvule. Dirisha la mashariki liliona reli. La kusini liliona ziwa, au mahali ziwa lilipotakiwa kuwa, maana mwaka ule mvua ilichelewa na maji yakarudi nyuma, upepo ukawa unainua vumbi jeupe la magadi na kulimwaga juu ya mji. Mchana watu walitembea wakiwa na nyusi nyeupe. Nikikumbuka chumba kile nakikumbuka daima katika mwanga huo wa unga, mwanga usio na upande unakotoka, kana kwamba sisi sote tulikuwa ndani ya glasi ya maziwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuigeuza nchi iwe namba. Mpango ulitoka juu sana, na Bwana Muchiri alitueleza siku ya kwanza akiwa amesimama mbele ya ramani ya Bonde la Ufa, mikono nyuma. "Ramani inasomwa na macho," alisema. "Sasa kuna mashine Nairobi isiyo na macho. Sisi ndio tutaiambia wapi nchi imepanda na wapi imeshuka." Tuliweka juu ya ramani karatasi ya plastiki iliyochorwa miraba midogo. Kila mistari miwili ilipokutana, msomaji aliweka ncha ya sindano, akaangalia iko karibu na kontua gani, yaani ile mistari ya kahawia inayounganisha mahali penye kimo sawa, akataja kimo hicho kwa futi. Sufuri ya mwisho hatukuitaja, ili kuokoa pumzi. Mwandishi, aliyeketi upande wa pili wa meza akiwa ameipa ramani mgongo, aliandika namba kwenye fomu na kujibu, "Nimepata." Asiposikia vizuri alisema, "Rudia." Mstari ulipokwisha msomaji alisema, "Funga," na mwandishi akamsomea namba ya kwanza na ya mwisho, akauliza, "Sawa?" Msomaji akijibu sawa, mstari umefungwa. Fomu zilikwenda Nairobi kwa treni kila Ijumaa. Huko wasichana wengine walizitoboa kwenye kadi, na kadi zikalishwa mashine ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Mimi nilikuwa msomaji. Mwandishi wangu alikuwa Zarina.

Alinizidi miaka miwili, alikuwa na suka moja nzito iliyofika kiunoni, na aliandika namba saba kwa kuikata katikati ili isije ikadhaniwa moja. Baba yake, Mzee Karim, aliuza vipuri vya baiskeli karibu na soko. Zarina alikuwa na sauti ndogo na mdomo mkali. Siku ya kwanza nilipomtajia namba kwa madaha ya mtoto wa shule ya bweni, aliniambia, "Dada, soma tu. Hatuhutubii taifa." Baada ya wiki mbili alikuwa ameshaniita Jero badala ya Jerotich, na tulikuwa tumebadilishana vyakula vya mchana kiasi kwamba hakuna aliyejua tena kipi ni cha nani. Mimi nilileta mahindi na maharage kwenye mkebe. Yeye alileta chapati zenye majani ya methi zilizokunjwa mara nne, na achari ya embe iliyonitoa machozi. "Meza kwanza ndipo ulie," alikuwa akisema. Tulikula kwenye dirisha la kusini tukitazama vumbi.

Jumamosi mara nyingine nilikwenda kwao. Waliishi nyuma ya duka, vyumba viwili na ua, na palinukia mpira mpya wa tairi na udi. Mama yake alinikalisha jikoni na kunipa vitu vya kukaanga mpaka niliposhindwa kusimama. Ukuta kati ya jikoni na sebule ulikuwa mwembamba, na ni hapo, nikiwa na sambusa mkononi, nilipojifunza mambo ambayo Zarina asingeniambia. Mwaka ule familia nyingi za rafiki zake zilikuwa zikifunga masanduku kuhamia Uingereza. Mzee Karim alikuwa na ndugu Leicester aliyemwandikia kila mwezi kumwambia aje kabla mlango haujafungwa. Na Mzee Karim hakutaka kwenda. Walisema Kigujarati, lakini walipogombana waliingia Kiswahili, nadhani kwa sababu ndicho walichotumia kugombana maisha yao yote sokoni.

"Serikali ikimpa Zarina barua ya kazi ya kudumu, mimi sifungi duka," nilimsikia akisema. "Mtu hawezi kumpa mtoto wako kazi ya kudumu halafu akuambie toka."

"Na barua isipokuja?"

"Basi Leicester. Baridi haijaua mtu."

"Imemuua ndugu yako magoti yote mawili."

Zarina alinitazama toka upande wa pili wa meko, akaona nimesikia. "Desemba," alisema polepole. "Bwana Muchiri amesema nikimaliza mwaka bila kosa, Desemba ataniandikia." Kisha akanirushia kitambaa. "Pangusa mikono. Unanitia mafuta kwenye kiti." Mimi sikuwa na haja ya barua hiyo. Ningeondoka Oktoba kwenda chuo, na barua yangu ya kukubaliwa ilikuwa tayari chini ya godoro, nikiilalia kila siku kana kwamba itaanguliwa. Ninalisema hili mapema ili msomaji asinitafutie sababu nzuri baadaye. Hakukuwa na njaa wala mdogo wangu anayengoja karo. Nilichokuwa nacho ni sifa.

Nilikuwa msomaji wa haraka kuliko wote, maana palikuwa na meza nyingine tatu. Baada ya miezi michache sikuangalia tena namba iliyoandikwa kwenye kila kontua. Niliipata moja, kisha nikahesabu mistari kwa kufuata mwendo wake, kama mtu anayepanda ngazi gizani, na sauti yangu ikawa wimbo. Mia saba arobaini. Nimepata. Mia saba hamsini. Nimepata. Mchana ule mweupe, msumeno ukilia chini kwa mbali, nilikuwa naondoka kabisa chumbani. Nilipanda Mau, nikateremka Naivasha, nikatembea miinuko ambayo miguu yangu haijaifikia, nikisikia nyuma yangu sauti ndogo ikinijibu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo katika kazi yoyote tangu hapo. Wakati mwingine nadhani niliigeukia kazi ya kuandika ili kuitafuta tena, na kilichokosekana ni mtu wa kujibu.

Ijumaa moja ya Julai tulikuwa kwenye ramani ya nyuma ya Eburru. Nchi ya kule ni nchi ya volkeno ndogo ndogo, imejaa mashimo kama uji unaochemka uliogandishwa. Kwenye ramani, shimo na kilima vinafanana: vyote ni duara ndani ya duara. Tofauti ni kwamba kontua za shimo zina meno, vistari vifupi vinavyoelekea ndani, kumwambia mtu kwamba hapa unashuka. Bwana Muchiri alikuwa ametuonya juu ya meno hayo hadi tukamwita Daktari wa Meno. Nilifika kwenye ukingo, mia saba hamsini na tano, na sauti yangu ilikuwa imeshika mwendo wa kupanda, nikaendelea kupanda. Mia saba sitini na tano. Mia saba themanini. Mia saba tisini. Zarina akasema, "Rudia." Nikarudia, mia saba tisini, kwa sauti ya juu kidogo, ya mtu anayerudishwa nyuma. "Nimepata," akasema. Kisha nikateremka upande wa pili, nikafunga. Akanisomea namba ya kwanza na ya mwisho. Zote mbili zilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa limelala katikati ya mstari. Mistari miwili iliyofuata ilipita kwenye duara lile lile, na nayo nikaisoma vivyo hivyo.

Nilipoinua plastiki niliyaona meno. Hii ndiyo sehemu ambayo hata nafsi yangu sikuiambia kwa miaka mingi. Nilijiambia kwamba sikuyaona kamwe. Niliyaona wazi, madogo, ya kahawia, kama kope za jicho lililofumbwa. Lakini fomu hazikuruhusiwa kufutwa. Kosa moja lilimaanisha kuandika upya fomu nzima, na fomu ilikuwa na mistari arobaini. Wanyama alikuwa tayari mlangoni akigonga funguo, mfuko wa treni mkononi. Na wiki ile meza yetu ilikuwa mbele ya meza zote. Nikawaza: nani atakwenda huko? Nikaikunja ramani.

Kwa muda wa miezi miwili hivi kilima changu kilikuwapo. Hilo hunishangaza bado. Ndani ya mashine isiyo na macho, nyuma ya Eburru, palikuwa na mlima mdogo mzuri uliokuwa na ncha, na kama mvua ingeweza kunyesha ndani ya namba, maji yangetiririka kutoka kileleni kwenda pande zote. Naota juu yake mpaka leo. Nikiwa juu kuna upepo na harufu ya vichaka vya leleshwa, ziwa la Naivasha linaonekana limelala upande, na hakuna kinachonisumbua isipokuwa kwamba siwezi kukaa, kwa sababu najua chini ya miguu yangu hakuna kitu.

Septemba watu waliotaka kusimamisha mlingoti wa redio waliletewa karatasi iliyochapwa na mashine. Karatasi ikawaambia wapi kuna kilele. Wakaazima gari letu na dereva wetu. Wanyama alirudi siku ya pili alasiri, mwekundu kwa vumbi kutoka kofia hadi viatu, akasimama katikati ya chumba.

"Bwana Muchiri," alisema, "kile kilima chenu tumekipata. Lakini kimelala chali."

Chumba kikaangua kicheko. Wanyama akaendelea, maana hakuwa mtu wa kuachia kicheko kimoja. "Tumezunguka nacho tangu asubuhi. Wazee wa ng'ombe tukawauliza, kilima kiko wapi? Wanatuangalia hivi. Mzee mmoja akatushika mkono mpaka ukingoni. Shimo, bwana! Mbuzi wanakula huko chini, wadogo kama siafu. Mhandisi akatupa kofia yake chini akaikanyaga."

Bwana Muchiri hakucheka. Aliitoa ramani, akaona meno. Aliitoa nakala ya fomu, akaona namba. Ramani ilikuwa sahihi na fomu ilikuwa na kosa, na kati ya vitu hivyo viwili hapakuwa na kitu kingine ila hewa na sauti yangu. Alituita kwenye meza yake. Kalenda ya ukutani nyuma yake ilikuwa na picha ya ng'ombe wa maziwa. Namkumbuka ng'ombe huyo vizuri kuliko uso wa Bwana Muchiri.

"Zarina, mwandiko ni wako?"

"Wangu, Bwana Muchiri. Niliandika nilichosikia. Hata nilisema rudia."

Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wake ndio ulionifungulia mlango. "Jerotich, ulisoma hivyo?"

Nilikuwa na wiki mbili tu zilizobaki katika ofisi ile. Ningesema ndiyo, angenikaripia, ningelia kidogo, ningepanda treni kwenda chuo, na leo ningekuwa na kisa cha kuchekesha kilicho halali yangu. "Hapana," nikasema. "Sikusoma hivyo." Zarina aligeuza kichwa akanitazama. Hakuonekana mwenye hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akisikiliza namba ambayo haikumfikia vizuri, akingoja nirudie. Sikurudia. Bwana Muchiri akashusha pumzi, akasema mambo yale ambayo wakubwa husema, kwamba msomaji amekuwa na rekodi nzuri, kwamba labda mawazo yalikuwa mbali, kwamba siku hizi nyumbani kwenu, Zarina, kuna mambo mengi ya safari. Watu wote chumbani walikuwa wamekwisha kuamini. Ilikuwa rahisi mwaka ule kuamini kwamba Mhindi hayuko hapa kwa moyo wote.

Barua ya Desemba haikuja. Mwezi wa pili, nikiwa chuoni, nilipata habari kwamba duka la vipuri lilikuwa na mwenyewe mpya. Sikuandika. Nilijiambia sina anwani.

Basi turudi Lanet. Baada ya kuweka sahani chini nilikwenda jikoni kumuaga Mama Muchiri. Alikuwa ameketi na dada zake, amejifunga leso ya kahawia, na alinishika mkono bila kuuachia. "Zarina amepiga simu kutoa pole," akasema. "Unamkumbuka? Alikuwa akimwandikia mzee kila mwaka. Mzee ndiye aliyempa barua ya kumsifia, alipotafuta kazi huko kwa Waingereza. Kazi ya ramani hiyo hiyo." Akaitengeneza leso kwa mkono wa pili. "Mzee alikuwa anasema amepima vibaya mara moja tu maishani. Sikumuuliza ni wapi." Kisha akatafuta kwenye simu yake, akanipa namba. Sikumwomba.

Nilikaa nayo siku tisa. Jumamosi, baada ya kufua, nilipiga.

"Hello?" Sauti ndogo. Niliijua kabla haijamaliza.

"Zarina? Ni Jerotich. Jero."

"Jero wa ramani?" Akahamia Kiswahili, akipapasa maneno moja moja kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya zamani bila kuwasha taa. "Ngoja. Ngoja nizime birika."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeiandika, kwa kweli, na kuihariri mara mbili. Niliposikia birika ikinyamaza nikaitupa. Nikasema, "Nilisoma hivyo. Kile kilima. Na niliyaona meno, kabla fomu haijaondoka."

Mahali fulani nyuma yake mtoto alikuwa anaangalia katuni.

"Meno sikuyajua," akasema hatimaye. "Hayo mengine najua. Nilikuwa pale, Jero. Uliyasema kwenye masikio yangu, mara mbili." Nikagundua kwamba nimejiandaa miaka thelathini kumwambia jambo mtu pekee duniani ambaye alilijua tangu mwanzo. "Unaniambia mimi kwa nini? Wanyama anajua?"

"Hapana."

"Bado anasimulia?"

"Wiki iliyopita alisimulia. Nilicheka."

"Baba yangu alikufa huku Leicester, akiwauliza watu bei ya tairi Nakuru," alisema. Hakuwa ananilaumu wala kunifariji. Alikuwa ananipa namba. "Waambie hao wasiojua. Wewe si unaandika? Andika."

"Nitaandika."

"Na usiifanye kuwa ya kuchekesha sana. Nakujua." Nikasikia droo ikifunguliwa. "Ule mstari unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Ngoja nichukue kalamu. Haya, soma. Na usihutubie taifa."

Nilifumba macho. Mia saba thelathini na tano, nikasema. Nimepata. Mia saba arobaini. Nimepata. Mia saba hamsini na tano, hapo ni ukingo, nikasimama kidogo, mguu mmoja hewani, kisha nikashuka. Mia saba arobaini na tano. Nimepata. Mia saba thelathini. Nimepata. Mia saba ishirini.

"Rudia."

"Mia saba ishirini."

"Nimepata."

Nikapanda upande wa pili, polepole, nikafika ukingoni, nikatoka. "Funga," nikasema.

Zamani mwandishi alisoma namba ya kwanza na ya mwisho tu. Zarina aliusoma mstari wote, namba moja moja, kwa sauti yake ndogo, hadi chini na kurudi juu.

"Sawa?" akauliza.

"Sawa," nikasema.